Nimechongesha ekzosi ya inchi 3 kwa laki mbili na nusu, sasa gari zito kwenye mlima wa Kitonga. Kosa liko wapi?

#1 Mtoto wa Gangilonga
Wakuu salaam. Nina Toyota GX110, injini 1G-FE ya silinda sita. Mtungi wa nyuma (sailensa ya ekzosi) ulioza ukatoboka, nikauliza bei ya mtumba wa Japani nikaona siuwezi. Nikiwa Dar mwezi uliopita nikapelekwa kwa fundi mmoja, akanishauri tung'oe kila kitu kuanzia chini ya manifodi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda), tupitishe bomba moja la inchi 3 hadi nyuma na mtungi wa kuchonga. Akaniambia injini itapumua.

Mchanganuo: bomba mita tatu 90,000, mtungi 60,000, ufundi 80,000, vijiti vya kuchomelea, bolti na raba 20,000. Jumla 250,000.

Mlio ni mzuri, nakiri. Lakini kupanda Kitonga imekuwa kazi. Zamani nilikuwa napanda nimetulia, sasa gia inashuka hadi ya pili na nimekanyaga mpaka chini. Ikifika mizunguko 4,000 kwa dakika ndipo inaamka. Mafuta inakula kuliko zamani. Na barabara ya tambarare, kwenye mizunguko 2,400, kuna mvumo ndani ya gari unaoumiza kichwa. Mke wangu ameshakataa kusafiri nayo.

Je, bomba ni kubwa mno au kuna jingine? Na naweza kurekebisha bila kutoa laki mbili nyingine?

#2 Inchi Mbili
Bomba kubwa, mkuu, hakuna siri. Watu wanadhani kutoka inchi 2 kwenda 3 umeongeza nusu. Hesabu iko kwenye uwazi: 2 mara 2 ni 4, 3 mara 3 ni 9. Umeongeza njia zaidi ya mara mbili. Moshi unatoka kwa mapigo, na kila pigo likienda kasi linaacha mvuto nyuma yake unaosaidia silinda inayofuata kujisafisha. Ukipanua bomba, kasi inakufa, na kwa mizunguko ya chini mvuto huo hupati. Ndiyo maana inaamka 4,000, kwa sababu hapo moshi umekuwa mwingi. 1G-FE ya VVT-i ina nguvu za farasi 160 ikiwa mpya. Inchi 2 na robo inamtosha kabisa.

#3 Mtu wa Grogan
Sasa wakuu. Niko Nairobi. Inchi Mbili ameongea poa kuhusu saizi, lakini amesahau kitu kimoja: injini inataka presha irudi kidogo. Ukiitoa yote vavu zinaungua. Babangu aliniambia hivyo na amekuwa fundi miaka mingi.

#4 Binti Chuma
Mtu wa Grogan, mpe mzee heshima zangu, ila hilo la presha tuliweke sawa. Hakuna injini inayofaidika kwa kusukumiwa moshi nyuma. Inachotaka ni kasi ya moshi, na bomba jembamba linaleta vyote viwili kwa pamoja, kasi na presha, ndiyo maana watu wanavichanganya. Vavu kuungua ni habari ya magari ya kabureta: ulikuwa ukifungua ekzosi bila kugusa kabureta, mafuta yanakuwa machache kuliko hewa na joto linapanda. Gari la sindano, linalopuliziwa mafuta bila kabureta, lenye sensa linajirekebisha, mradi sensa inasoma ukweli.

Na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Mtoto wa Gangilonga, kabla hatujahukumu bomba nijibu matatu. Bomba lenyewe ni la nini? Masega, kile kisafisha moshi cha kiwandani, yako wapi? Sensa ya oksijeni imebaki pale ilipokuwa au imehamishwa?

#5 Dereva wa Nyanda
Mimi naona mnamchosha kijana. Gari limetengenezwa Dar, usawa wa bahari, likapandishwa Iringa, mita 1,500 na zaidi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hewa ni nyepesi tu. Mimi nikitoka Dar kwenda Mbeya nahisi kabisa gari limebadilika.

#6 Mtoto wa Gangilonga
Asanteni wote. Dereva wa Nyanda, gari hili limelala Iringa miaka minne, na Kitonga nimeipanda nalo mara nyingi. Mlima ni uleule, mzigo uleule.

Binti Chuma: bomba ni la mabati, lile linalouzwa duka la vifaa vya ujenzi. Masega fundi alisema yameziba, akayatoa, akabaki nayo. Sensa ilikuwa karibu na manifodi, yeye akatoboa tundu jipya kama mita moja nyuma kwa sababu pale pa zamani flenji (kiungo cha bolti) ilizuia.

#7 Shilingi Kumi
Alibaki na masega??? Mkuu umelipa 80,000 ya ufundi na juu yake ukamwachia masega! Ndani yake mna platini, paladiamu na rodiamu. Kuna watu wanapita gereji hadi gereji wanayanunua. Nina hakika ulichomwachia kinazidi alichokutoza. Ukirudi Dar mfuate, mwambie kwa upole unataka vitu vyako.

#8 Fundi Pole Pole
Kwa wanaosoma uzi huu kabla ya kwenda gereji: kila kinachong'olewa kwenye gari lako kinarudi kwenye buti lako, hata kama ni bolti iliyooza. Sema mapema, kabla jeki haijapanda.

#9 Binti Chuma
Asante kwa majibu. Naanza na mabati, kwa kuwa hilo linamuumiza fundi kabla ya gari. Bomba lile limepakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419 na inachemka kwenye 907, wakati chuma unachochomelea kinapita 1,500. Ule moshi mweupe unaouona ni zinki inayoungua, na ukiuvuta jioni yake unatetemeka kama una malaria. Mimi umeshanilaza siku nzima. Mafundi wenzangu wanakunywa maziwa kabla ya kazi wakiamini yanazuia. Hayazuii. Kinachosaidia ni kuisaga zinki yote pembeni ya mahali pa kuunga, kufanyia kazi nje kwenye upepo, na kuvaa barakoa ya kazi hiyo. Au usitumie mabati.

Pili, uzito. Bomba la maji la inchi 3 kwa nje linakaribia milimita 89, na lile la unene wa kati lina ukuta wa milimita 4. Ekzosi ya inchi 3 ni milimita 76 na ukuta wa 1.5 unatosha. Piga hesabu: la maji ni zaidi ya kilo 8 kwa mita, la ekzosi hata kilo 3 halifiki. Kwa mita zako tatu umebeba kama kilo 25 badala ya 8. Raba zitakatika, na flenji ya mbele itakuwa inavutwa chini kila ukipita tuta.

Na flenji ikivutwa, inavuja. Hapo ndipo naona ugonjwa wako. Kati ya pigo moja la moshi na jingine, presha ndani ya bomba inashuka chini ya ile ya nje. Tundu dogo tu mbele ya sensa linavuta hewa. Sensa inaona oksijeni nyingi, inaiambia kontroli boksi (kompyuta ya injini) mafuta hayatoshi, nayo inaongeza. Mafuta yanaliwa, gari linakuwa zito. Wewe umeipeleka sensa mita moja nyuma, na katikati hapo una viungo vingapi?

#10 Mtoto wa Gangilonga
Vinne. Kona zote alikata kwa grainda akaunganisha.

#11 Inchi Mbili
Binti Chuma nakubali kuvuja kunakula mafuta. Lakini kuvuja hakuelezi kwa nini inaamka 4,000. Bado nasimama na bomba.

#12 Taa ya Njano
Mbona hamuulizi taa ya injini? Bila masega kontroli boksi inaingia hali ya kujilinda na kupunguza nguvu. Mimi lilinikuta.

#13 Fundi Pole Pole
Taa ya Njano, gari lako lilikuwa na jingine. Kosa la masega kwa kawaida ni P0420, na maana yake ni kwamba sensa ya nyuma imeona moshi haujasafishwa. Linawasha taa, utafeli ukaguzi mahali wanapokagua moshi, lakini peke yake halipunguzi nguvu. Kama gari lilikufunga mizunguko, kulikuwa na kosa la pili. Ulipima kwa mashine?

#14 Taa ya Njano
Nilipima, kulikuwa na mawili. La pili silikumbuki, ila fundi alibadili plagi na koili moja. Sawa mkuu, nimekuelewa.

#15 Pwani Kwetu
Suala la sensa kuwekwa mbali nalo lina uzito wake. Sensa haisomi mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi. Ukiiweka mita moja nyuma, kwenye bomba pana ambalo moshi unapoa, inachelewa kuamka, na muda wote huo gari linakwenda kwa kukisia.

#16 Binti Chuma
Ila ya GX110 ina hita ndani, Pwani Kwetu. Itachelewa kidogo asubuhi, haitalala njia nzima hadi Kitonga. Tatizo la kuihamisha ni vile viungo vinne vilivyobaki mbele yake.

#17 Mtu wa Grogan
Nimempigia babangu nikamsomea #4. Amesema kasi ya moshi ni sawa, lakini Binti Chuma aje Nairobi wabishane uso kwa uso, chai ni juu yake.

Naomba niulize. Mimi niko na Subaru Forester SG5. Hii GX110 ikiwekwa mtungi mzuri inaweza lia kama Subaru?

#18 Binti Chuma
Chai nimeipokea, mwambie mzee shikamoo.

Hapana, haitalia hivyo. Ule mdundo wa Subaru hautoki kwenye mtungi, unatoka mbele kabisa, kwenye manifodi yenye miguu isiyolingana urefu. Mapigo yanafika kwenye kiungo yakiwa yamepishana, ndiyo unasikia dub-dub. Legacy ya 2003 ilipowekewa manifodi ya miguu inayolingana, mdundo ulipotea ingawa injini bado ni ileile ya silinda zilizolala. Silinda sita za mstari zinapiga kwa nafasi sawa, 1-5-3-6-2-4, sauti yake ni ya kuimba. Afadhali aipende ilivyo.

#19 Mama Wawili
Samahani naingilia, mimi ni muuguzi, magari siyajui sana. Mtoto wa Gangilonga, hilo bomba linaishia wapi? Limepita bampa ya nyuma au limeishia chini ya buti? Na umesema lina viungo vinne chini ya sakafu, na mke wako anaumwa kichwa. Mmeshaamua ni kelele, je kama si kelele? Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili yake ya kwanza ni kichwa, kisha kichefuchefu na usingizi. Na bila masega inatoka nyingi zaidi. Tafadhali safirini na vioo wazi mpaka mhakikishe.

#20 Mtoto wa Gangilonga
Dada, umenishtua. Limeishia chini ya bampa, halijatokeza. Mimi mwenyewe kichwa kinaniuma safari ndefu tu. Kuanzia leo vioo wazi, na naliingiza kwenye stendi kesho.

#21 Fundi Pole Pole
Mama Wawili umefanya jambo kubwa. Kijana, kupima ni bure. Asubuhi gari likiwa la baridi, liwashe, mwenzako azibe mdomo wa bomba kwa tambara nene, asibane kabisa. Wewe na chupa ya maji ya sabuni pita kila kiungo. Penye povu pamevuja. Tafuta pia masizi meusi, na kama kuna mlio wa tik-tik unaopungua gari likipata moto, hiyo ni flenji au gasketi. Tokeza bomba nje ya bampa hata kwa kipande kifupi, usisubiri.

Na siku ya kuchomelea likiwa kwenye gari, toa waya wa betri na bana waya wa ardhi karibu na unapochoma. Kontroli boksi zimekufa kwa sababu ya uvivu huo.

#22 Hesabu Kwanza
Niongelee mvumo. Dawa yake haina gharama: bomba la pembeni lililozibwa mwisho, linaloungwa kwenye bomba kuu kama tawi. Wimbi linaingia, linagonga mwisho, linarudi kinyume na kuua lile linalokuja. Urefu wake ni robo ya wimbi. Mizunguko 2,400 gawanya kwa 30 unapata mapigo 80 kwa sekunde. Sauti kwenye moshi wa nyuzi 200 na kidogo inakwenda kama mita 450 kwa sekunde. 450 gawanya kwa 80, gawanya kwa 4, unapata mita 1.4.

#23 Inchi Mbili
Hesabu nzuri, gari silo. Kugawa kwa 30 ni silinda nne. Silinda sita zinapiga mara tatu kwa kila mzunguko, kwa hiyo unagawa kwa 20. Ni mapigo 120, na tawi ni sentimita 94 hivi.

#24 Hesabu Kwanza
Kweli kabisa, nimezoea IST yangu ya silinda nne. Sentimita 94. Aache ncha ndefu kidogo kisha apunguze akijaribu, maana joto la pale atakapoliweka hatulijui.

#25 Sumaku
Nani anamshauri kuhusu bomba jipya? Anunue stenlesi za reli za ngazi, hazipati kutu. Aende na sumaku, ikinata hiyo ni feki.

#26 Binti Chuma
Sumaku, jina lako zuri lakini kipimo hicho kimewatia watu hasara. Ekzosi nyingi za kiwandani ni stenlesi ya daraja la 409, na sumaku inanata vizuri tu. Kwa upande mwingine, zile za reli mara nyingi ni 201, sumaku hainati, lakini kutu inaishika mapema kuliko 304. Kwa hiyo sumaku itakukataza nzuri na kukuuzia dhaifu.

Kwa mwenye bajeti, mimi nashauri kipande cha katikati cha ekzosi ya mtumba kutoka gari kubwa kidogo. Pale Shauri Moyo, Ilala, wanakata kwa kipande. Unapata bomba jembamba la inchi 2 na robo, kona zilizokunjwa kwa mashine bila mikunjo, mara nyingine na rezoneta (kitungi kidogo cha kupunguza mvumo) ndani yake. Kona moja ya kiwandani inashinda kona nne za grainda.

#27 Mzee wa Tabora
Sisi zamani tulikuwa tunajaza bomba mchanga mkavu, tunaziba ncha mbili kwa vigingi vya mti, tunachoma kwa gesi mpaka liwe jekundu, tunakunja taratibu. Halibonyei. Mchanga lazima uwe mkavu hasa, ukiwa na maji mvuke unarusha kigingi kama risasi.

#28 Mtoto wa Gangilonga
Shikamoo mzee. Nimekuja na mrejesho.

Povu limetoka sehemu tatu: flenji ya mbele, kona ya pili, na pale pa sensa mpya. Halafu nilipofungua mtungi nikakuta jambo. Bomba la inchi 3 linaingia vizuri, lakini lile bomba la ndani lenye matundu nimepima kwa rula, ni inchi moja na nusu. Kalizungushia stilwaya ya kusugulia sufuria, na nusu yake imeshaungua.

#29 Dereva wa Nyanda
Lo! Moja na nusu kwa tatu, ni robo ya njia. Basi mlikuwa mnabishana bomba kubwa, kumbe limezibwa nyuma. Huo ndio uzito wa Kitonga.

#30 Inchi Mbili
Tulia kwanza. Njia ikizibwa, gari linaumia juu, kwenye mizunguko mingi, kwa kuwa moshi ni mwingi. Lake linaumia chini na kuamka juu. Hiyo ni kinyume.

#31 Pwani Kwetu
Si lazima iwe kinyume. "Kuamka" kwa 4,000 huenda ni sikio tu. Gari likipiga kelele mtu anahisi linakwenda. Hakupima muda wala kasi. Pia huenda mguu wenyewe ulibadilika, anaogopa kelele mjini, anakanyaga kidogo, akifika mlimani anaona zito.

#32 Fundi Pole Pole
Kuna kipimo cha kumaliza hili. Toa sensa, tundu lake ni la milimita 18, funga geji ya presha. Kwenye mizunguko 2,500 ikisoma zaidi ya psi 3, pameziba. Ikisoma chini, mtungi hauna hatia.

#33 Mtoto wa Gangilonga
Geji ya namna hiyo sijaipata Iringa, fundi mmoja Unga Limited, Arusha, anayo na huko ni mbali. Nilichofanya: nimebadili gasketi ya mbele, nimechomelea kona, sensa nimeirudisha kwake kwa kipande kifupi cha shingo, bomba nimelitokeza nje ya bampa. Nimetumia 35,000. Mtungi bado ni uleule.

Matokeo: mafuta yamepungua, hilo nimelihakikisha kwa tanki mbili. Kichwa hakiumi, mke wangu amepanda. Mlimani ni afadhali, lakini si kama zamani. Mvumo uko palepale.

#34 Binti Chuma
Nafurahi kwa kichwa kuliko vyote. Kwa hiyo kuvuja kulikuwa sehemu yake.

#35 Inchi Mbili
Na kilichobaki ni bomba.

#36 Dereva wa Nyanda
Ni mtungi.

#37 Wakili wa Mtaa
Wakati mnaamua, kumbukeni na kelele. Kenya wana kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, na hapa kwetu Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inampa trafiki pa kukushikia gari likiwa na kasoro. Ukipita hospitali usiku na mtungi ulioungua ndani, hutakuwa na la kujitetea.

#38 Fundi Pole Pole
Mtungi ujao, usijazwe stilwaya ya sufuria. Tafuta sufi ya kioo, au nyuzi za stenlesi zizungushwe kwanza kwenye bomba la matundu. Bomba hilo la ndani liwe na kipenyo kilekile cha bomba kuu. Na mwambie atoboe kitundu cha milimita 3 sehemu ya chini kabisa. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita nzima ya maji, na safari fupi za mjini maji hayo yanalala ndani ya mtungi. Huenda ndicho kilichouozesha ule wa kwanza.

#39 Mtoto wa Gangilonga
Nimeandika yote. Mwisho wa mwezi nashuka Dar, nitapita Shauri Moyo kutafuta cha inchi 2 na robo, na kwa yule fundi kuulizia masega yangu. Hili la mabati nitalitoa.

#40 Geti Langu
Mkuu, niko Ipogolo hapo chini. Hilo bomba la mita tatu usilitupe, natafuta nguzo ya geti. Unauza shilingi ngapi?

#41 Mtoto wa Gangilonga
Lina kona nne, ndugu yangu. Nguzo itasimama vipi?

#42 Geti Langu
Kipande kirefu kilichonyooka kina urefu gani?

#43 Mtoto wa Gangilonga
Kama mita moja na nusu. Njoo uone, nakupa kwa 20,000 na raba zake.

#44 Inchi Mbili
Akilinunua, tafadhali apime na kipenyo cha ndani atuambie. Bado nataka kujua hiyo inchi 3 ilikuwa ngapi.